Ruaha na watoto: dereva ndo safari yenyewe

Kila likizo ya mwezi wa sita ikikaribia huku kwetu Mbeya maswali ni yale yale, twende wapi na watoto, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mtoto wa chekechea ataiweza, gari tutapata wapi, hela ngapi. Sisi Juni hii tumeenda, mimi na baba watoto na watoto wetu watatu, wa form one, wa darasa la tatu na kitinda mimba wetu aliyeko chekechea, tumekodi gari Iringa likiwa na dereva wake, na haya ni maoni yangu kuhusu hiyo huduma ya gari na dereva. Hifadhi nayo nitaigusa sana tu, lakini tembo na twiga wako pale kwa kila anayeingia, kinachotofautisha familia inayotoka pale watoto wanaimba na familia inayotoka watoto wamenuna ni yule mtu aliyeshika usukani. Nampa nyota tano na naeleza kwa nini.

Kwanza mjue tulivyomfikia. Nilianza kwa kuulizia pakeji za familia kwa wakala mmoja hivi, simtaji, akanitumia WhatsApp tangazo zuri lina picha za watoto na simba, kusoma ndani naona Mikumi, Udzungwa, Ruaha na Isimila, vyote ndani ya siku nne. Jamani. Anayeijua hii njia anajua hapo mtashinda barabarani, Mikumi iko huko chini ukishashuka Kitonga, na Udzungwa ni hifadhi ya kutembea kwa miguu, kwenda kuyaona maporomoko ya Sanje unapanda mlima, sasa mtoto wa miaka mitano nambebe mgongoni? Nikamuuliza siku ya kutoka Mikumi watoto watakula wapi na saa ngapi, akanijibu "watoto ni nusu bei mama". Nikaachana naye hapo hapo. Mtu anayekuuzia safari ya familia bila kukuuliza watoto wana umri gani hajakupangia safari, amekutumia kitu anachowatumia watu wote.

Huyu dereva nimeunganishwa na mwalimu mwenzangu wa Iringa. Simtaji jina maana sijamuomba ruhusa, watoto walimwita Anko basi na mimi nitamwita hivo hivo. Nimempigia tu, hata kabla ya bei, ananiuliza "dada, wa mwisho ana miaka mingapi, anatapika kwenye gari?" Afu akaendelea, usiku anaamka kukojoa, kuna anayeogopa giza, kuna mwenye pumu maana vumbi la kule si la mchezo, wanakula nini asubuhi. Baba watoto alikuwa amekaa pembeni anasikia kwenye spika akanitazama tu, tukajua tumempata. Bei tukaongea mwisho, tukaelewana gari kwa siku na mafuta anaweka yeye, chakula na kiingilio juu yetu, na akaandika yote kwenye meseji, kiingilio cha gari nani analipa, kiingilio chake yeye nani, tukichelewa kutoka getini kibali kikapitiliza nani anabeba. Mkikodi gari hakikisheni hayo yameandikwa, ugomvi mwingi ninaousikia kwa watu unaanzia hapo.

Pia alitukatia mipango. Mimi nilitaka tutoke Mbeya alfajiri tulale Ruaha siku hiyo hiyo, akasema hapana dada, Mbeya Iringa peke yake ni zaidi ya kilomita 300 na malori ya Tunduma mnayajua, tochi za trafiki mnazijua, mtafika Iringa watoto wamechoka afu muwapakie tena masaa matatu ya barabara ya Msembe, makao makuu ya hifadhi, watachukia tembo kabla hawajamuona. Lala Iringa. Tukalala Iringa, na nilikuja kumshukuru. Njiani mchana tulisimama Isimila, iko kama kilomita 20 kabla ya kufika mjini ukitokea Mbeya, zile nguzo za mchanga zilizochongwa na maji watoto walikimbia katikati yake mpaka miguu ikaisha nguvu, na wa form one akapata kuziona zana za mawe alizozisoma darasani. Kwa watoto waliokaa kwenye gari tangu asubuhi hiyo ni dawa.

Asubuhi Anko akaja, Landi Kruza ya paa la kufunguka, si mpya. Niseme ukweli wa gari, eisi haifanyi kazi na mlango wa nyuma unaingiza vumbi, mabegi yetu yote yaligeuka rangi moja. Lakini mikanda ya viti ilikuwepo na ilifunga kila kiti, kitu ambacho baba watoto alikikagua kimoja kimoja kabla hatujapanda, tairi la akiba mawili, maji katoni, na kwa mdogo alikuwa amefunga mto mgumu juu ya kiti ili aone nje bila kusimama. Hapo ndo nasema huyu mtu kafikiria. Mtoto asipoona dirishani atalia njia nzima na utadhani ni mkorofi kumbe anatazama mgongo wa kiti.

Mafuta jaza Iringa mjini, usidanganyike. Njia ya Msembe ni kama kilomita 130, unaanza vizuri unapita Kalenga, pale kwenye makumbusho ya Mkwawa, tulishuka kidogo. Fuvu la Mtwa Mkwawa lipo, lile lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na yule mzee mwenye kutuhadithia aliwaeleza watoto vita ya Lugalo ya 1891, Wahehe walipowapiga Wajerumani, kwa sauti ya chini chini mpaka wa darasa la tatu akawa anamshika baba yake mkono. Wa chekechea nilibaki naye nje, fuvu si la umri wake. Baada ya hapo vumbi na matuta. Huko mbele kuna mahali njia inagawanyika, zote zinafika hifadhini, Anko akachukua ya Tungamalenga kwa sababu ina vijiji, ina choo, ina maduka ya maji na biskuti, ina watu wa kuwaambia kamwene, ile salamu ya Kihehe. Ile nyingine ni pori tupu na ukipata pancha na watoto utakaa.

Sasa suala la nguo, hili naomba mlisome vizuri. Sisi watoto wetu wa Mbeya mwezi wa sita hawatoki bila sweta, na sweta zilizopo ndani ni za shule, bluu nzito. Anko alituambia mapema kwenye simu, sweta za shule za bluu ziacheni, na nyeusi pia, mbung'o, wale nzi wanaouma, wanafuata hizo rangi, hata mitego yao hutengenezwa kwa kitambaa cha bluu na nyeusi. Tukabeba za kaki na kijani. Kuna familia tulikutana nao kwenye eneo la kupumzikia, sijui wametokea wapi, watoto wamevaa majinzi na sweta za bluu wamevimba mikono na shingo, mmoja analia hataki kabisa kushuka. Mbung'o akikuuma unahisi sindano, na si mbu wa kumfukuza kwa kupunga mkono, anafuata gari likiwa linatembea. Maeneo ya miombo ndo wako wengi, kando ya mto ni nafuu. Anko akikaribia maeneo yao anasema "madirisha", na watoto wanafunga wenyewe, ikawa kazi yao.

Getini malipo ni kwa kontro namba au kadi, keshi hawapokei, kwa hiyo weka hela kwenye simu ukiwa Iringa ambako mtandao uko vizuri. Kwa sisi Watanzania kiingilio si cha kutisha kabisa, viwango tulivyokuta ni 5,000 mtu mzima na 2,000 mtoto wa miaka 5 hadi 15, bado VAT, chini ya miaka 5 bure, lakini viwango hubadilika kwa hiyo chungulia tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, kabla hujapiga bajeti. Nawaambia hivi kwa sababu watu wengi wa huku wanaamini hifadhi ni ya wazungu na bei za dola, wanapita Uyole na Igawa miaka yote kwenda Dar na hawajawahi kukata kushoto pale Iringa. Kinachokula hela ni gari na kulala.

Na kibali ni cha masaa 24. Hapa Anko alitufanyia hesabu nzuri, ukiingia saa nane mchana ukalala ndani, unapata jioni yote na asubuhi yote ya kesho yake mpaka saa nane kwa kibali kimoja, na hizo ndo saa wanyama wanatembea. Ukiingia asubuhi ukatoka jioni umelipa sawa sawa, ila mchana kutwa umetazama swala wamelala kivulini na watoto wamelala pia.

Kuhusu kulala nitapita haraka. Usiku mmoja tulikuwa kempu ya nje ya geti, sitaitaja, mahema safi, vyandarua vizima, wafanyakazi wapole, ila chakula cha jioni tuliambiwa saa moja kikaja saa mbili na nusu, mdogo kalala mezani na kijiko mkononi. Kempu inayopokea familia lazima iwe na wali na maharage ya watoto saa kumi na mbili na nusu, wakubwa wakasubiri hiyo nyama choma yao. Baadaye tukahamia banda la ndani ya hifadhi karibu na mto, pale tulipika wenyewe na mambo yakaenda. Tulibeba mchele, maharage yaliyochemshwa tayari, mayai, maparachichi na ndizi. Matunda usiyaache kwenye hema hata kidogo, lala nayo ndani ya gari lililofungwa, tembo ana pua, na nyani mchana anafungua zipu. Usiku usitoke kwenda choo cha nje, beba poti ya mtoto. Nasisitiza poti. Hata mchana, huko ndani hushuki kwenye gari popote unapojisikia, ni maeneo maalumu tu, na mtoto wa miaka mitano hajui kusubiri eneo maalumu.

Sasa nije kwenye siku ya Mwagusi, maana bila hiyo hamtanielewa kwa nini naandika sana kuhusu dereva.

Mwagusi ni mto wa mchanga unaoingia Ruaha Mkuu, kiangazi juu hakuna maji, unaona mchanga mweupe mpana na mibuyu pembeni. Tulifika asubuhi jua bado dogo. Anko akapaki kwenye kivuli juu ya kingo, akazima gari, akasema tunakaa hapa. Hakuna kitu. Kweli hakuna kitu, mchanga tu na kwale wawili. Wa form one akaanza kupumua kwa nguvu kama wanavyofanya. Anko akatoa daftari lake akawaambia hesabuni nyayo mnazoziona pale chini, kila mmoja achague moja anifuatilie ilikotoka na inakokwenda. Wakaanza kubishana, hii ya twiga, hapana hii ya nyati, mdogo kachagua ya ndege.

Wakiwa katikati ya ubishi tembo wakatoka upande wa pili, familia, majike na watoto, kimya, hujui mnyama mkubwa namna ile anatembeaje bila sauti. Jike kubwa likaja mpaka katikati ya mchanga likasimama. Akapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anausukuma pembeni, tena na tena, kisha akaingiza mkonga anachota mchanga anautupa. Shimo likawa linashuka. Anko akanong'ona, maji yako chini, mchanga umeyachuja, hata mto mkubwa ukiwa na maji wao hupenda kuja kuchimba haya kwa sababu ni masafi. Akavuta ya kwanza, tope, akayamwaga pembeni. Akasubiri. Yaani alisimama anasubiri maji yatulie, masikio yanapepea taratibu. Akavuta tena ndo akapeleka mdomoni. Mtoto wake akaja, mkonga wake mfupi haufiki chini, akajaribu, akajaribu, akapiga magoti ya mbele akaingiza kichwa kizima shimoni anywe kwa mdomo. Kitinda mimba wangu akanivuta sikio, "mama, mama yake amsogezee". Na yule mama tembo akarudi nyuma hatua, akamwachia shimo.

Tukiwa pale likaja gari lingine, likasimama, simu zikatoka, likaondoka. Muda kidogo dereva wao akarudi kutuambia simba wameonekana huko mbele. Hapa ndo wengi wangewasha gari bila kuuliza. Anko akageuka nyuma akawauliza watoto, tukawaone simba au tukae. Wa form one akataka simba, wale wawili wakasema tukae, Anko akamwambia "kaka mkubwa, nipe dakika chache, simba wakishalala hawaendi popote." Tukakaa. Tembo walipoondoka wakaja nyani kunywa kwenye yale mashimo, wakaja swala pala, akaja ngiri. Wote wanakunywa kisima alichochimba tembo. Wa darasa la tatu akaandika kwenye daftari wote waliokuja kwa mpangilio wao, hiyo karatasi ipo imebandikwa ukutani sebuleni. Na simba tuliwakuta baadaye, wamelala chini ya mti matumbo juu, wazuri, wakubwa, na watafiti hukadiria ukanda wa Ruaha na Rungwa una karibu moja ya kumi ya simba wote waliobaki duniani, lakini mdogo baada ya muda mfupi akaniuliza tembo wamerudi?

Kitu kingine Anko alichofanya ni hiki hapa. Pale daraja la Ibuguziwa, viboko wako chini na mamba wamelala kwenye mawe, akawauliza watoto mmetokea Mbeya, njiani mlivuka daraja gani. Wakataja Igawa. Akawaambia basi maji ya ule Mto Mbarali mliovuka pale yanashuka bonde la Usangu, yanaingia ardhi oevu ya Ihefu, yanatoka yanakuja hapa chini ya miguu yenu, afu yanaenda Mtera na Kidatu kutengeneza umeme wa taa za nyumbani. Halafu akawaeleza kwamba tangu mwaka 1993 huu mto umekuwa ukikauka kila kiangazi kinapokolea, kwa sababu maji mengi yanachukuliwa huko juu kwenye mashamba ya mpunga na mifugo ilikuwa imejaa kwenye ardhi oevu, na ikifika mwezi wa kumi viboko wanabanana kwenye dimbwi moja. Hakumlaumu mtu. Alisema tu wali tunaoula jioni na kiboko huyu wanakunywa mto mmoja. Mimi nimezaliwa huku, baba mdogo analima mpunga Mbarali mpaka leo, sijawahi kuelezwa hivo na mtu yeyote. Mtoto wangu mkubwa karudi nyumbani anamhoji babu yake kuhusu mifereji, inafungwa lini, nani anaamua. Kwa mzazi hiyo ni thamani kuliko idadi ya simba.

Kwa hiyo mkienda kutafuta dereva, ulizeni maswali. Muulize akifika sehemu hamna mnyama anafanya nini. Muulize anajua vyoo viko wapi. Muulize mwendo, ndani mwisho ni 50 kwa saa na mwenye watoto inabidi aende chini ya hapo. Akikuambia "nitawatafutia simba mpaka mchoke", huyo atawakimbiza watoto siku nzima kwenye vumbi. Mwingine mzuri kwangu anaweza asiwe mzuri kwako, wenye watoto wakubwa wa kuanzia miaka 12 wanaweza kutaka mtu wa kuwapangia matembezi ya miguu na askari wa hifadhi, wadogo hawaruhusiwi.

Malaria msiipuuze. Watoto wa Mbeya na Njombe wamekulia baridi, mbu kwetu si wengi, Ruaha ni chini na joto hata Juni mchana, kwa hiyo miili yao haijazoea. Sisi tulimuona daktari kabla, tukabeba dawa ya kupaka, mikono mirefu jioni, chandarua kila usiku hata pale palipoonekana hakuna mbu. Na mkisharudi mtoto akipata homa hata wiki mbili baadaye mpeleke akapimwe na umwambie daktari mlikuwa Ruaha, maana huku wanaweza kudhani ni mafua ya baridi.

Mwenye mtoto chini ya miaka mitatu mimi ningemwambia asubiri, au aende Kitulo mwezi wa pili maua yakiwa yamechanua, kule hakuna simba wala tembo, mtoto anashuka anakimbia kwenye nyasi na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo ukiwa upande wa Chimala. Ruaha kwa mtoto mchanga ni masaa mengi ya vumbi, kwa kitu ambacho hatakikumbuka. Kuanzia miaka mitano ndo umri mzuri, na kuanzia minane ndo mzuri zaidi kwa sababu wanaandika, wanauliza, wanakumbuka.

Na msiende Desemba kwa ajili ya wanyama wakubwa. Najua likizo ya Desemba ni ndefu na ndo watu wana hela, lakini mvua zikianza nyasi zinarefuka, maji yanapatikana kila mahali, wanyama hawana sababu ya kuja mtoni, barabara nyingine za ndani zinakuwa tope. Ni wakati wa ndege, na Ruaha ndege wako aina zaidi ya 500, hondohondo wenye mdomo mwekundu walikuwa wanatua hadi karibu na banda letu. Mtoto anayependa ndege atafurahi, wa tembo atalala kwenye kiti. Juni ni mwanzo wa kiangazi na inaangukia likizo, Anko anasema Septemba na Oktoba ndo wanyama wanajaa zaidi mtoni, lakini hiyo miezi shule mara nyingi ziko wazi.

La mwisho ni hela ya gari. Landi Kruza moja inabeba watu saba nyuma bila kubanana, sisi tulikuwa watano tukalipa gari zima. Mwakani tumekubaliana na familia ya dada yangu wa Makambako, wao wana watoto wawili, tugawane gharama za gari, baba zao watabaki au watafuata na gari lao mpaka Tungamalenga. Anko tumeshampa advansi ya wiki ya pili ya Juni, anasema wiki za likizo zinajaa mapema kuanzia mwezi wa tatu.